Senti Kumi za Kuchimbua Historia Yetu

Kwa muda mrefu sasa wataalamu wa mataifa mbalimbali wamekuwa wakija visiwani kwetu na sururu, mabeleshi, kamba za kupimia na madaftari. Wamefukua ardhi ya Unguja na Pemba, wameandika waliyoyaona, kisha wamerejea makwao. Waliyoyaandika yamehifadhiwa katika maktaba za Ulaya na Marekani, na ni machache mno yaliyopata kufika mikononi mwa wananchi wa Unguja Ukuu, Tumbatu, Mtambwe au Chwaka, ambao ndio wenye ardhi hiyo. Hatusemi haya kwa nia ya kuwalaumu wageni, kwa maana wengi wao walifanya kazi kwa bidii na kwa heshima. Tunayasema kwa sababu kila sururu iliyoteremka katika ardhi ile ililipiwa na mtu, na kwa sehemu kubwa mtu huyo hakuwa sisi.

Leo tunataka kulizungumza jambo hili la fedha waziwazi. Nani anayelipia utafiti wa mambo yetu ya kale? Nani anayelipia nauli ya mtaalamu wetu anapoitwa kwenda kueleza matokeo ya utafiti huo mbele ya wataalamu wenzake wa dunia? Na sisi wenyewe, wananchi pamoja na watumishi wa Serikali, tunapaswa kufanya nini ili kazi hiyo isikwame?

Kwanza hapana budi tukumbushane ni mali gani tunayoizungumzia. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbaji wamekuta alama za watu walioishi humo zaidi ya miaka 20,000 iliyopita, zama ambazo Unguja ilikuwa bado haijatengwa na bara kwa maji ya bahari. Unguja Ukuu palikuwa na bandari tangu karne ya 7, iliyofanya biashara na Ghuba ya Uajemi na nchi za mbali zaidi. Kizimkazi Dimbani upo msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Huko Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 ilifukuliwa hazina ya sarafu ndogondogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu. Na katika sarafu hizo za fedha yamo majina ya watawala wa mwambao huu wa karibu miaka elfu moja iliyopita.

Wala elimu hii haihusu wafalme na hazina zao peke yake. Katika maeneo ya Tumbe na Chwaka, kaskazini ya Pemba, wataalamu walichuja udongo wa makazi ya kale wakapata mbegu zilizoungua motoni. Mbegu hizo zimeonesha kwamba watu wa Tumbe wa karne za 8 na 9 walitegemea zaidi uwele, na kwamba mpunga ulikuja kushika nafasi kubwa huko Chwaka baada ya mwaka 1000. Mkulima wa Pemba anayeingia bondeni leo na jembe lake begani anafanya kazi ambayo historia yake inaweza kusomwa kwa punje zilizoteketea jikoni mwa wahenga wake. Elimu hiyo imepatikana kwa kuchimba, na kuchimba kumepatikana kwa fedha.

Basi tutazame ni nani waliolipa. Utafiti mkubwa wa Pemba ulioongozwa na Adria LaViolette wa Chuo Kikuu cha Virginia na Jeffrey Fleisher ulipata fedha za Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani. Wachimbaji waliorudia Kuumbi na Unguja Ukuu katika miaka ya 2010, wakiongozwa na Nicole Boivin aliyekuwa Oxford, walilipiwa na Baraza la Utafiti la Ulaya. Kabla ya hapo, Sweden iligharimia mpango wa kuchunguza chanzo cha miji ya Afrika Mashariki, na kupitia Chuo Kikuu cha Uppsala wakapatikana wataalamu wa kwetu: Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyehitimu udaktari mwaka 1994, na Mzanzibari Abdurahman Juma, ambaye tasnifu yake juu ya Unguja Ukuu ilichapishwa mwaka 2004. Huo wa mwisho ni mfano wa msaada uliozaa. Fedha ziliisha zikaacha watu wenye elimu, na watu hao wakaweza kuwafundisha wengine.

Lakini hata msaada ulio mwema una mwenyewe, na mwenyewe ana haja zake. Mwenye kulipa mchimbaji ndiye achaguaye pa kuchimba, na ndiye achaguaye swali la kuuliza. Historia ya mwambao wetu ina ushahidi wa kutosha wa jambo hili. Wakati wa ukoloni wengi walioandika juu ya magofu yetu walikuja wakiwa wameshaamini kwamba Mwafrika hajengi mji, kwa hiyo kila ukuta wa mawe waliouona waliuhesabu kuwa kazi ya Mwajemi au Mwarabu aliyevuka bahari. Swali lilikuwa limekwisha kujibiwa kabla sururu haijagusa ardhi. Ilipofika miaka ya 1980, huko Shanga katika kisiwa cha Pate, Kenya, wachimbaji wakiongozwa na Mark Horton walichimba kwa subira chini ya msikiti wa mawe. Wakakuta msikiti mwingine, na chini yake mwingine tena, hadi wakafikia kijumba kidogo cha sala cha miti na udongo cha karne ya 8. Mji ulikuwa umekua pale pale, hatua kwa hatua, mikononi mwa wenyeji waliosilimu na kufanya biashara na walimwengu. Ardhi ya mwambao ni ile ile. Kilichobadilika ni swali lililoulizwa.

Yako maswali ambayo mfadhili wa ng'ambo hatayauliza kwa sababu hayamhusu. Visima vya kale vya Tumbatu vilichimbwaje, na kwa nini vingine vina maji matamu na vingine maji ya chumvi? Ni maeneo gani ya kale katika pwani ya mashariki ya Unguja yaliyo hatarini kumezwa na bahari, au kufunikwa kwa saruji ya mahoteli, kabla hata hayajaandikwa? Maswali haya ni ya Sheha, ya mvuvi, ya fundi wa ujenzi na ya Idara zetu. Asipopatikana mtu wa kuyalipia hapa kwetu, yatabaki bila ya jawabu hadi vitu vyenyewe vitoweke. Jengo la Beit el Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba, 2020, mchana, mbele ya macho ya watu, na likachukua roho za mafundi wawili. Jengo lile lilijulikana dunia nzima. Yale yaliyo chini ya ardhi hupotea bila ya kishindo chochote.

Jingine la kuzingatia ni kwamba mikono iliyokuwa ikitoa sasa inafungwa. Mwaka 2021 Serikali ya Uingereza ilipunguza misaada yake kwa nchi za nje kutoka asilimia 0.7 hadi 0.5 ya pato lake la taifa, na miradi ya utafiti iliyokuwa ikiendelea pamoja na nchi zinazoendelea ikakatwa fedha katikati ya safari. Mwaka 2025 ikatangaza kwamba itashuka hadi asilimia 0.3 ifikapo mwaka 2027. Sweden, ambayo tumetaja wema wake, iliamua mwaka 2023 kusitisha fungu la fedha za utafiti wa maendeleo lililokuwa likigawiwa na Baraza lake la Utafiti. Huko Marekani, mwaka 2025, ruzuku nyingi za taaluma za utamaduni na historia zilifutwa ingawa zilikuwa zimekwisha kuidhinishwa. Nchi hizo zina haki ya kuamua juu ya fedha zao. Nasi tunayo haki, na wajibu, wa kujiuliza tutakuwa wapi siku bomba hilo litakapokauka kabisa. Wazee walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 likatufunza sote somo hilo hilo kwa lugha ya siasa.

Hata hivyo kujitegemea si kufunga mlango. Fedha zilizopo duniani kwa ajili ya utafiti ni halali kuombwa, na vijana wetu wana haki ya kuziomba sawa na kijana wa taifa lolote. Jambo linalotusikitisha ni kuona kwamba mara nyingi hawaziombi. Wengine hawana habari nazo, wengine wanazipata habari siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho, na wengine huamini kwamba hizo ni za watu wenye majina makubwa. Imani hiyo si ya kweli. Mfuko wa Wenner-Gren wa New York, ulioanzishwa mwaka 1941, hupokea maombi ya utafiti wa binadamu na mambo ya kale bila ya kujali uraia wa mwombaji. Kwa miaka ya karibuni kiwango cha juu cha ruzuku yake kwa mwanafunzi wa udaktari anayekwenda uwandani kimekuwa dola 25,000. Mfuko wa Gerda Henkel wa Ujerumani, ulioanzishwa mwaka 1976, nao umekuwa ukisaidia wanahistoria na wanaakiolojia bila ya kujali wanatoka nchi gani. Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyoko Nairobi, imekuwa ikitoa ruzuku ndogondogo ambazo kwa mtafiti anayeanza ni mlango mzuri wa kuingilia.

Kuomba fedha za utafiti ni kazi yenye ufundi wake, kama vile kuunda dau kulivyo na ufundi wake. Wa kwanza ni kuujua mfuko unaouomba. Mfuko wa Leakey wa Marekani, kwa mfano, uliundwa mwaka 1968 kwa ajili ya kuchunguza asili ya mwanadamu. Kuupelekea andiko juu ya misikiti ya karne ya 14 ni kupoteza karatasi, hata kama andiko lenyewe ni zuri. Wa pili ni kuwa na swali moja lililo wazi. Mwombaji anayeandika kwamba anataka kuchunguza historia yote ya Pemba hatapewa kitu, lakini anayeandika kwamba anataka kujua ni lini watu wa mahali fulani walianza kujenga kwa mawe, na kwa nini, na akaeleza atachimba mashimo mangapi, ya ukubwa gani, na kwa ushahidi upi atajua kama amekosea au amepatia, huyo husikilizwa.

Wa tatu ni hesabu. Makisio ya fedha yawe ya kweli, kila kitu kwa bei yake: posho ya wachimbaji wa kijijini, usafiri, mifuko na maboksi ya kuhifadhia vigae, na gharama ya maabara. Vipande vya makaa vinavyopimwa umri kwa njia ya kaboni hupelekwa katika maabara za Afrika Kusini, Ulaya au Marekani, na kila kipande hugharimu mamia ya dola. Mwenye kusahau gharama hiyo hujikuta na masanduku ya vigae asiyoweza kuyasemea umri. Wa nne ni wakati. Andiko lianze kuandikwa mwaka mmoja kabla ya kazi, lisomwe na watu wawili watatu wenye uzoefu, lisahihishwe, na mwombaji asivunjike moyo akikataliwa mara ya kwanza. Mifuko mingi humrudishia mwombaji maoni ya wahakiki, na mwenye kuyasoma kwa utulivu huja mara ya pili akiwa na andiko lililo bora.

Sasa tuje kwenye mikutano ya kitaaluma. Wapo wanaodhani kwamba safari ya mtaalamu kwenda kwenye mkutano ng'ambo ni matembezi yenye posho. Hatukatai kwamba zimekuwapo safari za namna hiyo. Lakini mkutano wa wataalamu ndipo panapoamuliwa lipi litasadikiwa juu ya historia ya watu, lipi litaandikwa vitabuni na lipi litatupwa. Asiyekuwapo husemewa. Mkutano wa kwanza wa Afrika nzima juu ya mambo ya kale ulifanyika Nairobi mwezi Januari 1947, ukiwa umeandaliwa na Louis Leakey, na waliozungumza juu ya Afrika katika zama zile walikuwa kwa sehemu kubwa watu wa mataifa yaliyotutawala. Mwaka 1986, ulipoitishwa mkutano wa akiolojia wa dunia huko Southampton, Uingereza, waandaaji waliwazuia wajumbe wa Afrika Kusini kwa ajili ya siasa ya ubaguzi wa rangi. Chama cha kimataifa kilichokuwa kikisimamia mikutano hiyo kikajitenga nao, na ndipo ulipozaliwa Mkutano wa Akiolojia wa Dunia tunaoujua leo, ambao moja ya shughuli zake imekuwa kuwatafutia nauli wajumbe kutoka nchi zisizo na uwezo. Tangu mwanzo waliona kwamba sauti ya Afrika haisikiki mkutanoni ikiwa haikulipiwa nauli.

Mwezi Agosti 2022 mkutano ule wa Afrika nzima, ukiwa wa 16, ulifika mlangoni petu hapa Zanzibar, miaka 75 baada ya ule wa Nairobi. Ilikuwa heshima kubwa kwa visiwa vyetu, na kwa mara moja nauli ya ndege haikuwa kikwazo kwa mwanafunzi wa hapa aliyetaka kuwasikia mabingwa wa fani yake. Lakini mkutano huo huzunguka. Kabla ya hapa ulikuwa Rabat mwaka 2018, na kabla ya Rabat ulikuwa Johannesburg mwaka 2014. Kijana wetu hawezi kungoja miaka mingine 75 ili urudi. Itambidi asafiri, na safari ina nauli, viza, ada ya mkutano, malazi na chakula. Naye ajue mapema utaratibu wake. Muhtasari wa mada hutakiwa miezi kadhaa kabla ya mkutano, msaada wa nauli hupewa yule ambaye muhtasari wake umekwisha kukubaliwa, na viza huchukua wiki nyingi. Anayeanza kushughulika mwezi mmoja kabla hatafika, hata akipewa fedha.

Hapa hatuna budi kusema na ndugu zetu watumishi wa Serikali, kwa heshima lakini bila ya kuficha. Mara nyingi mifuko ya namna hii humtaka mwombaji aoneshe karatasi kama kibali cha utafiti au barua ya taasisi inayompokea. Karatasi hizo hutoka maofisini mwetu. Tunajua ziko ofisi ambamo barua ya mistari mitano hulala katika jalada mwezi mzima kwa sababu mwenye kutia saini yuko safarini, au kwa sababu aliyeileta ni kijana asiye na jina. Tarehe ya mwisho ya mfuko wa New York haimjui mkurugenzi aliye safarini. Barua hiyo ikichelewa, fedha huenda kwa mwombaji wa nchi nyingine, na sisi tunabaki tukilalamika kwamba wageni wanatuchukulia historia yetu. Tunapendekeza kwamba kila ofisi inayohusika iweke siku maalum, zisizozidi 10 za kazi, za kujibu maombi ya namna hiyo, na awepo mtu aliyeteuliwa kushika nafasi ya mwenye saini.

Lakini pendekezo letu kubwa ni la fedha zetu wenyewe. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 700,000. Wengi wao huja kwa bahari na mchanga mweupe, ila hatuamini kama yupo anayeondoka bila ya kupita Mji Mkongwe, ambao uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 kwa sababu ya historia yake. Historia ndiyo inayoitofautisha pwani yetu na pwani nyingine elfu zenye mchanga mweupe. Tangu Oktoba 2024 kila mgeni anayeingia hutakiwa kukata bima ya dola 44, na wageni hawakuacha kuja. Sisi tunaomba senti kumi. Tunasema senti kumi za dola kwa kila mgeni, zichukuliwe katika yale ambayo tayari hulipwa au ziongezwe juu yake, ziwekwe katika mfuko wa kuchunguza mambo ya kale ya Unguja na Pemba.

Hesabu yake ni nyepesi. Wageni 700,000 kwa senti kumi ni dola 70,000 kwa mwaka. Kwa fedha hizo unaweza kutoa ruzuku mbili za utafiti za dola 25,000 kila moja, sawa na zile za New York, na zikabaki dola 20,000. Ukimpa kila msafiri dola 2,000, zinatosha kuwapeleka wataalamu na wanafunzi 10 kwenye mikutano kila mwaka. Tena faida haiishii hapo. Baadhi ya mifuko ya nje huangalia kama mwombaji na nchi yake wametia chochote mfukoni. Anayekuja na shilingi yake mkononi huhesabiwa mshirika, na anayekuja mikono mitupu huhesabiwa mwombaji tu. Senti kumi zetu zitakuwa mbegu ya kuvuta dola za wengine, na sisi ndio tutakaokuwa tumechagua shamba.

Watakuwapo wa kutuuliza: kuna haja gani ya kutafuta vigae wakati zahanati zinahitaji dawa na skuli zinahitaji madawati? Swali hili ni la haki, nasi hatulidharau. Tunajibu kwamba hatukuomba senti moja kutoka katika fungu la dawa wala la madawati. Tunaomba sehemu ndogo ya fedha zinazoletwa na historia yenyewe, ili historia hiyo isije ikamalizika kama kisima kinachotekwa bila ya kufukuliwa. Tunaongeza kwamba viongozi wa Afrika, walipokutana Addis Ababa mwezi Januari 2007, walizihimiza nchi zao zitenge angalau asilimia moja ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti. Tunachokiomba hapa hakikaribii hata kivuli cha ahadi hiyo.

Wala fikra ya mfuko kama huu si ngeni kwetu. Wazee wetu waliijua vyema kwa jina la wakfu. Mtu mwenye shamba la minazi au la mikarafuu aliweza kuliweka wakfu ili mapato yake yatengeneze msikiti, yalishe wanafunzi wa chuoni au yatunze kisima cha wapita njia, na hakuna aliyeruhusiwa kuliuza. Elimu katika visiwa hivi ililelewa kwa njia hiyo kabla ya kuwapo wizara yoyote. Wenye uwezo miongoni mwetu leo, wafanyabiashara, wenye mahoteli na ndugu zetu wanaoishi Uarabuni, Ulaya na Marekani, wanaweza kuutilia mfuko huo nguvu kwa nia ile ile. Haba na haba hujaza kibaba.

Mfuko huo uwe na masharti, kwa kuwa mali ya umma isiyo na masharti huwa mali ya wajanja. Maombi yahukumiwe na watu wanaoijua kazi, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na wa nje ya visiwa, na asihukumu mtu ombi la ndugu yake wala la mwanafunzi wake. Majina ya waliopewa, viwango walivyopewa na kazi wanayokwenda kuifanya yatangazwe gazetini kila mwaka. Kila aliyechimba aandike ripoti yake kwa Kiswahili pia, na nakala yake iwekwe katika skuli ya mahali alipochimba. Kila aliyesafiri kwenda mkutanoni asimame mbele ya wananchi ndani ya miezi mitatu tangu arejee, aeleze alisema nini, aliulizwa nini, na amejifunza nini. Asiyetimiza asipewe tena.

Masharti hayo hayo tuwape na wageni wanaokuja na fedha zao, nao wengi watayakubali kwa furaha: awepo mtaalamu wa hapa katika uongozi wa kazi na si katika kubeba mizigo tu, wafundishwe vijana wetu, na matokeo yarudi kwa lugha tunayoisoma. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti mkubwa juu ya nasaba za watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya mwambao wa Kenya na Tanzania, uliotokana na mifupa iliyochimbuliwa makaburini. Utafiti ule ulizungumzia asili ya Waswahili, jambo ambalo limekuwa likibishaniwa barazani kwetu kwa vizazi. Ni watu wangapi wa barazani waliopata kuelezwa kwa Kiswahili kile kilichoonekana katika mifupa hiyo?

Kwa wananchi nao tuna neno. Mtafiti hata akiwa na fedha na kibali hawezi kitu bila ya wenyeji, kwa kuwa mzee wa kijiji ndiye anayejua ni wapi jembe hugonga ukuta na ni kichaka gani hakikatwi kwa sababu kina makaburi. Ukiokota sarafu, ushanga au kigae cha rangi, usikiuze kwa mpita njia kwa bei ya soda. Mpelekee Sheha na umwoneshe mahali ulipokiokota, kwa maana mahali penyewe ndipo penye habari, na kitu kilichong'olewa mahali pake hakina tena cha kueleza.

Tunatoa wito basi kwa Wawakilishi wetu, watakapokaa kujadili makadirio ya mwaka ujao wa fedha, walitie jambo hili la senti kumi katika mazungumzo yao na walipe jawabu. Tunatoa wito kwa wakurugenzi wazifungue barua zilizolala katika majalada. Na kwa vijana wetu waliosomea fani hii na sasa wanauza simu madukani kwa kukosa pa kuanzia, tunasema: andikeni maombi yenu mwaka huu, msingoje kuitwa. Pwani ya Unguja Ukuu inaliwa na mawimbi kila msimu wa kusi, na vigae vya miaka 1,300 vinadondoka majini. Kila msimu unaopita tukiwa bado tunatafuta nani atalipa, kunakuwa na kidogo zaidi cha kulipia.